Siku moja nje ya Jiji la Mbeya: Tukuyu au Matamba?

Nakaa karibu na Kabwe. Saa kumi alfajiri malori ya Tunduma yameshaanza kupanda, breki za upepo zinapiga chafya moja baada ya nyingine, na konda wa kwanza anaita Uyole, Uyole, Uyole. Ikifika saa tatu Mwanjelwa huwezi kuinua mkono kujikuna bila kumgusa mtu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 katika Jiji la Mbeya, na karibu sote tunaitegemea barabara kuu moja, ileile inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo.

Ndiyo maana haupiti mwezi bila mtu kuniuliza: Jumapili hii tutoke twende wapi, mahali pa milimani, pametulia, halafu turudi jioni? Majibu ninayoyasikia watu wakipeana mara nyingi ni mawili. Wengine husema Tukuyu, wengine Matamba. Kote nimekwenda, mvua na kiangazi, kwa Coaster, kwa gari la kuazima, na safari moja nyuma ya Canter nimekaa juu ya magunia. Napapenda kote. Ila nimeona watu wakirudi wamenuna kutoka sehemu zote mbili, na kila mara sababu ilikuwa moja: walikwenda pazuri kwa siku isiyo yake.

Matema nimeiacha makusudi. Ni pazuri mno, lakini ni ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini kwenye joto, na kwenda na kurudi siku moja ni kumtesa dereva. Matema ni ya kulala.

Ninavyopima

Watu hupima safari kwa kilomita. Kwa hizi mbili kilomita zitakudanganya. Tukuyu iko kama kilomita 70 kutoka mjini, na Chimala, pale unapoacha barabara kuu uanze kupanda Matamba, haiko mbali kuliko hapo kwa kiasi cha kuogopesha. Safari zote mbili zinaanza pamoja hadi Uyole, kisha zinaachana: ya Tukuyu inakata kulia, ya Matamba inanyoosha mbele. Kinachozitofautisha ni kipande cha mwisho.

Kwa hiyo mimi naanza na saa zinazobaki, yaani ukishatoa za kwenda na za kurudi, umebakiwa na saa ngapi za kukaa pale ulipokwenda? Halafu naangalia mwezi, maana mvua na maua huku kwetu vinafuata kalenda. Kisha naangalia kuna nini cha kuona na je, magoti ya wenzangu yanafika huko, utulivu ni wa namna gani, mtakula nini, na mwisho, hela na usafiri wa kurudi. Uzuri siupimi. Ukianza kubishana kama ukungu wa Mlima Rungwe, kule Tukuyu, ni mzuri kuliko majani ya Kitulo, ule uwanda ulio juu ya Matamba, hamtatoka nyumbani.

Njia, na saa zinazobaki

Ya Tukuyu ni lami mwanzo hadi mwisho. Unapanda kupitia Igawilo hadi Isyonje, ambako hata mwezi wa kumi unaweza kukuta ukungu umelala barabarani na watu wamejifunga kanga kichwani, kisha unashuka kupitia Kiwira katikati ya migomba. Kwa gari dogo ni kama saa moja na nusu. Kwa Coaster hesabu mbili, kwa sababu itasimama kila penye mkungu wa ndizi na mtu pembeni yake. Ukiondoka stendi ya Nane Nane saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili unakunywa chai Tukuyu. Ukipanga kuondoka saa kumi jioni, umepata saa nane nzima.

Matamba ni habari nyingine. Hadi Chimala ni barabara kuu, na hapo adui ni malori: Mlima Nyoka na mteremko wa Inyala si mahali pa kumpita mtu kwa haraka, na lori moja likikwama mnaweza kusimama nusu saa. Chimala unajaza mafuta, unakaza mizigo, unageuka kulia kuitazama milima. Hapo zinaanza zile kona ambazo watu wote wa huku wanaziita kwa idadi yake, Hamsini na Saba. Chini kuna joto la Usangu, juu kuna baridi ya kuvaa sweta mbili, na katikati ni hizo kona zilizopandana kama nyoka aliyejikunja ukutani.

Safari ya Canter ndiyo iliyonifundisha barabara hiyo. Kwenye kona moja kali gari lilishindwa kukata kwa mkupuo mmoja, dereva akarudi nyuma kidogo. Utingo, kijana mwenye sweta la shule lililotoboka kiwiko, aliruka chini kabla hatujasimama, jiwe mkononi, akalisukuma chini ya tairi la nyuma. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia mama mmoja anavuta pumzi, na dumu la mafuta ya alizeti likigonga ubao. Dereva akakata usukani, gari likapanda, kijana akaokota jiwe lake, akakimbia, akadandia. Nilipogeuka nyuma, nyanda za Usangu zote zilikuwa chini yetu, majaruba ya mpunga kama vipande vya kioo, na malori ya barabara kuu yamekuwa punje za mchele.

Kwa gari imara lenye nguvu, na dereva aliyewahi kupita, hesabu saa tatu hadi tatu na nusu kutoka mjini. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri unafika kabla ya saa tatu asubuhi. Lakini lazima uanze kushuka saa tisa alasiri, kwa sababu kona zile usizishuke gizani. Zimebaki saa sita. Ukitaka kupanda hadi Kitulo kwenye maua, toa mbili nyingine za kwenda na kurudi, zimebaki nne. Nne zinatosha, ila hazina saa ya kupoteza.

Mwezi gani?

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hewa yenye unyevu inatoka Ziwa Nyasa, inasukumwa kuelekea kaskazini, inakutana na Mlima Rungwe na safu ya Livingstone. Inalazimika kupanda, inapoa, inamwaga maji. Tukuyu iko palepale inapomwaga. Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kupita zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo sababu migomba na chai vinastawi bila mtu kuvuta bomba. Machi na Aprili mvua ya Tukuyu hainyeshi kwa kupita, inahamia. Njia za msituni zinakuwa utelezi, na aliyetoka Mbeya kwenda kuona ziwa anarudi ameona mwavuli wake tu. Kuanzia Juni hadi Oktoba ndipo inapotulia. Manyunyu yapo hata hapo, na Julai ni baridi, lakini barabara haikusumbui na asubuhi nyingi mlima unaonekana mzima.

Matamba na uwanda wa Kitulo vina kalenda yao. Maua yanaanza kujitokeza mvua zikianza, yanakolea Desemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi hiyohiyo ndiyo njia ya kupanda inapokuwa mbaya kuliko wakati wote. Hili watu hawaambiwi. Wanaona picha za uwanda umejaa manjano na zambarau, wanapanga safari ya Februari na gari la chini, wanaishia Chimala wanakula chipsi. Ukienda Juni au Julai njia ni kavu na macho yanafika mbali, lakini uwanda ni wa kahawia, na alfajiri kuna jalidi nyeupe kwenye majani. Anayetaka maua akubali tope, na anayeliogopa tope aende kwa ajili ya milima, hewa na ukimya, wala asilalamike kwamba maua hakuyaona.

Kama unataka wakati wa katikati, mimi huwa najaribu Desemba mwanzoni. Maua yameanza, mvua haijaiva. Mara mbili nimepatia, mara moja nikageuzia njiani.

Cha kuona

Tukuyu vitu ni vingi mno kwa siku moja, na kosa la kawaida ni kuvitaka vyote. Mji wenyewe ni wa kutembea saa moja: boma la zamani la Wajerumani, walioupa mji jina la Neu-Langenburg, soko, na Mlima Rungwe umesimama nyuma wa mita 2,960 hivi. Nje kidogo ya mji ni misheni ya Rungwe, ambako Wamoravian walifika 1891. Mashamba ya chai yanaanza ukiacha nyumba za mwisho, yamekatwa sawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi.

Nje ya mji chagua kimoja, viwili vikizidi. Daraja la Mungu ni jiwe la asili, kazi ya volkano, lililovuka juu ya mto Kiwira. Unatazama, unapiga picha, dakika ishirini zinatosha, hata mzee anafika. Kijungu, ambapo mto huohuo unajitupa kwenye shimo la mwamba kama chungu na kuchemka humo, hakiko mbali na hapo. Njia yake inapita eneo la Magereza, kwa hiyo simu ikae mfukoni mpaka umeomba ruhusa. Kaporogwe ni maporomoko yenye pango nyuma ya maji, kusini zaidi, na yanataka gari. Ziwa Masoko lina utulivu wa pekee, maji ya duara na boma jingine la Mjerumani limekaa ukingoni.

Halafu kuna Ziwa Ngozi. Hili liko njiani kabla hujafika Kiwira, na mimi naliona kuwa safari kamili peke yake. Unaacha lami, unaingia hadi mwanzo wa msitu, unachukua mtu wa kuwaongoza pale kijijini, mnapanda kwa mguu zaidi ya saa moja. Mwisho wa kupanda kuna mwinuko wa kushika mizizi. Safari yangu ya pili tulifika ukingoni tukakuta weupe mtupu. Ukungu ulikuwa umejaa kwenye shimo la volkano kama maziwa kwenye bakuli. Tulikaa dakika arobaini, jasho likatukaukia mgongoni, mwenzangu mmoja akaanza kufunga begi. Yule kijana aliyetuongoza akasema, "Kaka, subirini kidogo, linajifungua." Upepo ukatoka chini. Kwanza ilionekana rangi tu, kijani cha jani la mgomba linalofunguka. Kisha ukuta wa upande wa pili, miti imening'inia. Kisha ziwa zima, mbali kule chini, kimya, bila mtumbwi wala mtu. Lilikaa wazi muda wa kunywa kikombe cha chai, likafungika tena.

Misitu ya Rungwe na ya Livingstone ni makao ya kipunji, kima ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka 2003, ingawa wawindaji wa huku walikuwa wakimtaja siku zote. Usiende ukitegemea kumwona kwa siku moja. Lakini mimi kila nikipita chini ya msitu ule nafurahi kujua yumo.

Matamba mji wenyewe ni mdogo: mtaa mmoja mkubwa, maduka, ofisi za hifadhi, viazi kwenye magunia yaliyoshonwa kwa kamba. Wenyeji wake wengi ni Wawanji, na ukienda mbele zaidi ndani ya Makete unakutana na Wakinga, walewale ambao ndugu zao wana maduka Mwanjelwa. Cha kuona ni ardhi. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, hakuna mti wa kukuzuia macho, na milima imepangana kulia na kushoto. Mtorwi uko huko, mita 2,961, mwenye kushindana na Rungwe kwa kama mita moja.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa 2005, na tofauti na nyingine zote, iliwekwa kwa ajili ya mimea. Wenyeji walikuwa wameshapaita Bustani ya Mungu. Kuna aina 45 za okidi, na nyingine ni ndogo kiasi kwamba lazima upige magoti. Fanya hivyo kweli: piga magoti. Ukisimama, Kitulo ni majani tu yenye rangi rangi. Ukishuka usawa wa ua, unakuta kitu chenye mdomo, ulimi, na madoa kama ya chui, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, na umande umekaa juu yake.

Na tafadhali usichimbe, hata kimoja. Viazi vya okidi hizi ndivyo vinavyopelekwa Zambia kutengeneza chikanda, chakula cha huko, na kwa miaka biashara hiyo imekuwa ikikomba uwanda na milima ya jirani. Nimewahi kuona mgeni wa mjini ameweka mche kwenye chupa ya maji akapande kwake mtaa wa Forest. Hauoti. Unakufa njiani, na pale ulipotoka limebaki tundu.

Utulivu gani?

Neno hili watu hulitumia kwa maana mbili. Kuna anayetaka kuondokana na kelele za jiji, na kuna anayetaka asisikie kitu kabisa.

Tukuyu ni mji unaoishi. Ina bodaboda, ina muziki wa duka la CD, ina stendi. Lakini Jumapili asubuhi, kwaya zinaposhindana kutoka kilima hadi kilima na mvua nyembamba inatiririka kwenye mabati, mwili wenyewe unapunguza mwendo. Ni utulivu wenye watu ndani yake. Utasalimiwa. Jifunze kusema "ugonile" na "ndaga fijo", salamu na asante ya Kinyakyusa, utaona sura zinavyofunguka.

Matamba ukitoka mtaani dakika kumi unabaki na upepo. Kitulo hata sauti yako utaisikia ngeni. Mwenzangu mmoja, mtu wa gereji, amezoea nyundo kutwa, alikaa juu ya jiwe kule akaniambia masikio yanamuuma. Wengine wanaupenda ukimya ule, na wengine baada ya saa moja wanauliza tunashuka saa ngapi. Mjue mtu unayekwenda naye.

Chakula

Hapa siwezi kuficha, Tukuyu inalisha. Ndizi za kupikwa na nyama au na maziwa, maharage, wali wa mchele wa Kyela unaonukia kabla sahani haijafika. Na parachichi. Pale Kiwira kuna mama mmoja ambaye huwa nanunua kwake. Namwambia, "Ugonile, mama." Anajibu, "Ndaga, mwanangu," halafu haulizi unataka mangapi. Anauliza, "Ya kula leo au ya Jumatano?" Analibonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, mara moja tu, analirudisha, anachukua jingine. Hajawahi kunikosea siku.

Matamba mama ntilie ni wachache na wanapika kwa kadiri ya wateja wanaowajua. Ukifika asubuhi, agiza kabisa chakula cha mchana na ulipe kitangulizi. Utapata ugali, maharage, kuku ukiomba mapema. Viazi mviringo vilivyochimbwa juzi, vimechemshwa na chumvi tu, pamoja na chai ya tangawizi kwenye baridi ile, ni mlo ambao nautamani nikiwa Mbeya. Ukipanda Kitulo beba chakula na maji yako, maana juu hakuna kibanda.

Hela na kurudi

Tukuyu unaweza kwenda na nauli ya Coaster na hela ya kula, basi. Benki na wakala wapo. Gharama inapanda ukitaka maporomoko na maziwa ya mbali, kwa sababu ya bodaboda au teksi, pamoja na malipo ya waongozaji. Patana kabla hujapanda, na taja kwamba ni kwenda, kusubiri na kurudi. Neno "kusubiri" likisahaulika ndipo ugomvi unapoanza.

Tahadhari moja ya kurudi. Jumapili jioni magari mengi yanatoka Kyela yakiwa yamejaa. Niliwahi kumsimamisha mama yangu, miaka sabini na magoti yake, kando ya barabara kuanzia saa kumi na moja hadi giza linaingia, na kwenye gari tulilopata tulisimama hadi Uyole. Tangu hapo nahakikisha nimekaa kwenye kiti saa kumi.

Matamba bila gari lenu wenyewe, siku moja haitoshi. Kwa nilivyoona, magari ya abiria hushuka asubuhi kupeleka watu Chimala na hupanda mchana, yaani kinyume na mnavyotaka ninyi. Kwa hiyo gharama kubwa ni kukodi gari la kazi ngumu pamoja na mafuta. Mkiwa wanne au watano na mkachangishana, inabebeka. Mkiwa wawili, inauma. Ongeza kiingilio cha hifadhi ikiwa mtaingia. Kwa sisi raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha wageni, lakini hakilipwi kwa fedha taslimu mkononi, kwa hiyo simu iwe na salio na chaji. Matamba tegemea wakala, wala usitegemee atakuwa na hela ya kutosha.

Ukiwa na nusu siku tu

Kuna njia ya Chunya. Ni lami, inapanda kutoka mjini kupita msitu wa Kawetere, na kule juu kuna mahali ardhi inakatika ghafla na Usangu inaonekana imeenea chini mpaka macho yanachoka. Si mji, hakuna cha kununua, ila kwa mtu mwenye zamu ya jioni inatosha kusafisha kichwa. Beba koti.

Chagua kwa hali yako

Una wazee au watoto wadogo: Tukuyu, mwezi wowote kuanzia Juni hadi Oktoba, na muishie Daraja la Mungu na mashamba ya chai. Ngozi waachieni vijana. Mtoto wa miaka kumi anayependa kupanda atafika, wa miaka mitano utambeba wewe.

Mko vijana, hamna gari, mna hela kidogo: Ngozi kwa Coaster. Mshuke njiani, mpande asubuhi kabla ukungu haujaamua, mshuke mle Kiwira, mrudi. Tukuyu mjini msifike kabisa, mtaikuta siku nyingine.

Mna gari imara na dereva mwenye moyo, na lengo ni maua: Matamba na Kitulo, kati ya Desemba na Machi, mkiwa na jembe, kamba na siku ya akiba endapo mvua itawalaza huko. Nasema kweli kuhusu siku ya akiba. Mwenye mtihani au harusi Jumatatu asiende msimu huo.

Mna gari hilohilo, ni Juni au Julai, na mnachotaka ni kunyamaza: Matamba tena. Kwa mtu aliyefiwa, au aliyechoka kiasi cha kukasirikia watu wa nyumbani kwake, mimi humshauri huko. Sweta mbili, soksi nzito, chupa ya chai.

Unampeleka mgeni aliyetoka Dar au Dodoma, na hujui anapenda nini: anza na Tukuyu. Atakula vizuri, atanyeshewa kidogo, ataona milima na watu. Akirudi akikuuliza kuna wapi pengine pasipo na watu, sasa mwambie habari za Hamsini na Saba.

Na kama ni mwezi wa kumi na moja au wa tano, miezi ambayo mvua haijulikani inaingia au inatoka, usiamue usiku. Toeni gari alfajiri, mkifika Uyole simameni pembeni, mpigie simu mtu wa Chimala, fundi wa tairi, muuza mafuta, yeyote unayemfahamu. Muulize swali moja: jana Canter zimepanda? Akisema zimepanda, nyoosheni mbele. Akianza kueleza eleza, kateni kulia, saa mbili mtakuwa mnakunywa chai Tukuyu.